Mdudu kwenye bustani ya kijijini: umuulize simu, umwangalie mwenyewe, umfuge kwenye chupa au umwite bwana shamba?

Wakulima wenzangu, na nyie wenye vibustani nyuma ya nyumba, masika yakianza tu swali ni lile lile. Mtu kapiga picha ya mdudu juu ya jani la nyanya, picha yenyewe imetikisika, anairusha kwenye grupu la WhatsApp na maneno mawili, "huyu nani?", na muda si muda yameshamiminika majibu yasiyofanana pamoja na majina ya sumu matatu manne. Wanaojibu wana nia njema kabisa, wala sina ugomvi nao. Ila kila njia ya kumtambua mdudu ina kitu inachokiona na kitu isichokiona, na ukichagua njia isiyoendana na swali lako utampulizia sumu rafiki yako na mwizi umuache ndani ya jani anaendelea kula.

Nazipambanisha hapa njia ambazo mtu wa kijijini anazipata kweli: simu, macho yako na kioo cha kukuzia, chupa ya kufugia, na watu, yani wazee wa hapo na bwana shamba au bibi shamba. Mifano yangu ni ya bustani za milimani kama Lushoto, nyanya, kabichi, maharage na mahindi ya kuchoma, ila mwenye bustani Kiambu au Mbale au Bukavu wengi wa wadudu hawa atawakuta kwake pia.

Kabla ya kuchagua, jiulize unataka kuamua nini. Je, huyu atanidhuru mimi au mtoto? Je, anakula mmea wangu? Au anakula wale wanaokula mmea wangu? Au ni mzuri tu na nataka kumjua jina? Haya maswali manne hayajibiwi na kitu kimoja, na hapo ndo watu wengi wanapopotea, wanataka apu moja iwajibu yote.

Simu

Apu zenyewe haziko sawa. Google Lens iko kwenye simu nyingi za Android tayari, lakini inakula bando, na kazi yake ni kutafuta picha zinazofanana na yako popote zilipo kwenye intaneti. Ukiipa kiwavi wa kijani inaweza kukuletea kiwavi wa kijani wa Marekani ambaye Lushoto hajawahi kukanyaga, na inakuletea bila wasiwasi wowote. Kwa kipepeo mkubwa mwenye mapambo yake au panzi wa rangi kali inajitahidi. Kwa wadudu wadogo wa mboga mi siitegemei.

Seek ni nyingine kabisa, imetengenezwa na watu wa iNaturalist, mtandao wa watu wanaorekodi viumbe hai kwa picha. Ukishaipakua inafanya kazi hata bila mtandao, haikulazimishi kujisajili, unaelekeza kamera tu na juu ya skrini kuna vidoti vinajaa kadiri inavyosogea kutoka kundi kubwa kwenda dogo, mdudu, alafu mbawakawa, alafu familia, jenasi, mpaka spishi. Ninachoipendea ni kwamba inajua kuishia njiani. Ikiwa haina uhakika inakwambia familia na inakaa hapo, na kusema kweli kwa maamuzi ya bustanini familia mara nyingi inatosha. Ukijua huyu ni wa familia ya inzi wale wanaoelea hewani juu ya maua, jina lake kamili litakusaidia nini pale kwenye tuta la kabichi?

Ukitaka jina kamili lililohakikiwa na binadamu, hapo nenda iNaturalist yenyewe. Ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, sasa inatumika dunia nzima. Unafungua akaunti, unaweka picha na mahali na tarehe, mashine inakupa mapendekezo, alafu watu wanaoelewa wanakuja kukubali au kukataa, na zaidi ya theluthi mbili yao wakikubaliana kwenye spishi rekodi yako inapanda daraja mpaka watafiti wanaweza kuitumia. Jibu linaweza kuja jioni ile ile, linaweza kuchukua miezi, kwa hiyo usiingoje ukiwa na nyanya zinazokauka. Na kama bustani iko nyumbani kwako weka ile sehemu ya kuficha eneo kamili, maana usipofanya hivyo ramani inaonyesha mpaka mlango wako.

Kwa nini hizi apu zinapatia sana wadudu wa Ulaya na Marekani kuliko wa kwetu? Kwa sababu mashine inafundishwa kwa picha, na spishi ambayo picha zake ni chache haiingii kabisa kwenye masomo yake. Wadudu wa kwetu wamepigwa picha kidogo. Ndo maana nawaomba watu, ukipiga picha nzuri ya mdudu wa kijijini kwenu iweke iNaturalist, hata kama wewe huna haja na jina, mtu wa Mbozi au Kisii mwakani atajibiwa kwa picha yako.

Ya mwisho kwenye simu ni PlantVillage Nuru, ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto. Hii inaongea Kiswahili, haihitaji mtandao ukiwa shambani, na tofauti yake kubwa ni kwamba inaangalia jani. Inajua magonjwa ya mihogo, inajua uharibifu wa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, na viazi kiasi. Elimu yake ni nyembamba ila kwa hicho kidogo inachokijua iko vizuri. Usiipe kipepeo.

Sasa simu inashinda wapi? Inashinda kwa mdudu mzima, mkubwa kiasi, mwenye sura isiyofanana na ya wengine, na hasa yule usiyetakiwa kumgusa. Chukua nairobi flai. Mwembamba, milimita 7 mpaka 10 hivi, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, kijikoti kifupi cha bluu inayoelekea kijani kinachong'aa, alafu tumbo la chungwa tena na ncha nyeusi, akishtuka anatembea ameinua mkia. Wengi wanamdhania sisimizi, kumbe ni mbawakawa, mabawa yake yamekunjwa chini ya hicho kijikoti. Haumi wala hachomi. Shida ni majimaji ya mwilini mwake yana sumu inaitwa pederini, ukimponda kwenye ngozi huoni kitu, baada ya siku moja au mbili ngozi inawaka na kutoka malengelenge, na mkono ule ukipita kwenye jicho ndo balaa zaidi. Mvua zikizidi na wao wanazidi, kama Kenya ilivyopata baada ya El Niño ya 1997 na 1998. Huyu unampiga picha kwa mbali, simu inakupa jenasi yake bila shida, akikutua mkononi unampuliza kwa pumzi aende zake alafu unanawa kwa sabuni. Na bustanini muache, anawinda wadudu wadogo.

Simu inashinda pia kwa kiwavi wa mlimao. Akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na nyeupe kama kinyesi cha ndege, unampita hujui ni kiumbe hai, akikua anakuwa wa kijani mnene, ukimsogelea anachomoa pembe laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali inatoka. Watoto wanakimbia. Hana madhara kwa mtu, ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka kwenye michungwa. Kwenye mche mdogo wa kitaluni atakumaliza majani kweli, muondoe kwa mkono. Kwenye mti mkubwa hana hasara ya kukufanya ushike bomba.

Na kwa wale wanaotaka jina tu kwa raha ya roho, jaribu hili: kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, ambaye yuko karibu kila bustani Afrika Mashariki. Kuna wawili wanaofanana. Mmoja, Danaus chrysippus, ana sumu aliyoirithi kwenye mmea wa utomvu mweupe aliokula akiwa kiwavi, ndege wanamkwepa. Wa pili ni jike la Hypolimnas misippus, hana sumu, ameiga tu mavazi ya mwenzake. Angalia bawa la nyuma: mwenye sumu ana vidoa vyeusi vitatu au vinne katikati, muigaji ana kimoja tu, karibu na ukingo wa juu. Picha moja kali inamaliza ubishi, na jicho tupu kwenye kipepeo anayeruka haliwezi.

Kuhusu picha yenyewe, nenda asubuhi na mapema kabla jua halijachanganya, wadudu wanakuwa wamepoa hawakimbii. Piga ya juu, piga ya ubavuni, piga ya usoni, na moja iwe na sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Na piga jani lililoliwa. Hiyo ya jani watu wanaisahau na ndo yenye jibu mara nyingi.

Macho yako na kioo cha kukuzia

Simu inasoma sura, na wezi wengi wa bustanini hawaonyeshi sura. Kantangaze, yule mharibifu wa nyanya, ndo mfano mkubwa. Nondo wake ni mdogo wa kijivu, milimita 5 mpaka 7, mchana amejificha, anaruka jioni na alfajiri, ukimpiga picha utapata kitu cha kijivu kisichosomeka na apu itakwambia "nondo" basi. Huyu katoka Amerika ya Kusini, akaingia Hispania 2006, akashuka Afrika Kaskazini, na Tanzania na Kenya wakamuona 2014, na tangu hapo mwenye nyanya anajua habari yake.

Watu wanamchanganya na inzi wale wa kuchora majani kwa sababu wote wawili wanaishi ndani ya jani. Chuma jani, liinue dhidi ya jua, ulitazame kwa nyuma. Ukiona njia nyembamba nyeupe inayojipinda pinda ikinenepa taratibu kadiri inavyokwenda, huyo ni inzi mchora majani, na mtoto wake mle ndani ni funza asiye na miguu wala kichwa cha kueleweka. Ukiona baka pana, jani limekuwa kama karatasi ya nailoni ngozi mbili bila nyama katikati, na punje nyeusi za kinyesi zimerundikana sehemu moja, na kivuli cha kiwavi kinasogea, huyo ni kantangaze. Pasua kwa ukucha taratibu umtoe, weka chini ya kioo: ana kichwa cha kahawia, ana miguu, rangi ya maziwa inayoelekea kijani au pinki, na nyuma ya kichwa kuna mstari mweusi mwembamba umekaa kama kola. Alafu angalia matunda, hasa karibu na kikonyo, kama kuna vitundu vidogo vimeingia. Inzi mchora majani hana habari na tunda.

Tofauti hiyo ina maana kubwa mfukoni. Inzi mchora majani kwenye nyanya kubwa mara nyingi unachuma majani ya chini yaliyochorwa, unayatoa shambani, maisha yanaendelea. Kantangaze ukimchelewesha anakula mpaka tunda, na sumu ya juu juu haimfikii kirahisi akiwa ndani ya jani, ndo maana watu wanapuliza wiki kwa wiki na bado anaendelea, na kadiri unavyorudia sumu ile ile ndo wanaobaki wanakuwa sugu. Kabla ya kununua chochote, hakikisha umeliona baka kwa macho yako dhidi ya jua. Nalisisitiza hili kwa sababu dukani kwenye pembejeo ukieleza "nyanya zina wadudu" utauziwa chupa, muuzaji hajaona jani lako.

Mfano wa pili wa macho kushinda simu ni mdudu kibibi, yule wa mviringo mwekundu au wa chungwa mwenye madoa meusi. Watu wamefundishwa kwamba huyu ni rafiki wa mkulima, na kweli wengi wao ni rafiki, wanakula vidukari asubuhi mpaka jioni. Lakini kuna ndugu zao wanaokula majani ya maboga, matango na bilinganya, na apu inaweza kukwambia "familia ya kibibi" ukafurahi bure. Weka kioo mgongoni. Mgongo uking'aa kama umepakwa vanishi, muache. Ukiwa mfifu, una vinyweleo vifupi kama vumbi limemgandia, huyo ni mla majani. Na jani lenyewe linasema: amekula nyama akaacha mishipa, limebaki wavu. Watoto wao ndo tofauti zaidi, mtoto wa rafiki ni mrefu mweusi mwenye madoa ya chungwa anakimbia kimbia kati ya vidukari, mtoto wa mla majani ni wa njano amejaa miiba yenye matawi, kakaa chini ya jani hana haraka.

Hapo hapo kwenye vidukari tafuta pia kitu kingine, kiumbe laini, hakina miguu, hakina kichwa, kina rangi ya kijani au kahawia, kinajivuta taratibu na kuinua mbele yake kama kinapapasa. Watu wanakiua wakidhani ni mdudu mwingine mharibifu. Huyo ni mtoto wa inzi wanaojifanya nyuki, wale wenye milia ya njano wanaosimama hewani juu ya ua. Mama anakunywa nekta, mtoto anakula vidukari. Ukitaka kumtofautisha mkubwa wao na nyuki, inzi ana mabawa mawili tu na macho makubwa yaliyojaa uso mzima, nyuki ana manne.

Kwenye mahindi nako macho na Nuru wanasaidiana. Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa Afrika mara ya kwanza 2016, Tanzania na Kenya mwaka uliofuata. Fungua moyo wa mhindi pale majani machanga yanapochomoza, utakuta kinyesi kibichi kimerundikana na yeye ndani. Usoni ana alama ya Y iliyogeuzwa, na karibu na mkia ana vidoti vinne vimekaa mraba, alama hizo mbili, ya usoni na ya mkiani, ukiziona pamoja huna haja ya mtu wa kukuthibitishia. Kiwavijeshi wa zamani, huyu tuliyemzoea, anakuja kwa makundi, mweusi mgongoni, wanatembea mchana kweupe kutoka shamba hadi shamba wakifyeka nyasi na mahindi. Na bungua anaacha vitundu vilivyopangana mstari kwenye jani lililofunguka, alafu anaingia ndani ya bua, jani la katikati linakauka na ukilivuta linatoka lenyewe. Wote watatu mtu anaweza kuwaita "funza wa mahindi", ila bungua akishaingia kwenye bua kupuliza juu ni hasara tupu.

Chupa

Njia hii ni ya bei rahisi kuliko zote na inadharauliwa kuliko zote. Chupa ya plastiki iliyokatwa au kopo la asali, kitambaa chepesi juu na mpira wa kufungia, jani la mmea ule ule uliomkutia, unabadilisha jani kila siku na kufuta unyevu. Usimpe jani lingine, viwavi wengi wako radhi wafe kuliko kula mmea wasioujua. Kasoro yake ni muda, wiki mbili tatu au zaidi, na baridi ya milimani mwezi wa sita na wa saba inachelewesha kila kitu. Kwa hiyo chupa haikuokoi leo. Inakufundisha bustani yako kwa msimu ujao, na kuna mambo ambayo hakuna simu wala mtaalamu atakayekuonyesha isipokuwa chupa.

Kabichi ndo mahali pake. Viwavi wale wadogo wa kijani wanaojitupa kwa uzi ukiwagusa ni watoto wa nondo mgongo-almasi. Waweke kadhaa kwenye chupa na jani la kabichi. Wakimaliza kula wanafuma kifuko chepesi kama wavu, unaona pupa ya kijani ndani yake, na nondo anatoka. Lakini vingine vinabadilika: ndani ya wavu ule unaona kitu kigumu cha kahawia, kimefunga pande zote, huoni ndani, na baada ya siku kadhaa anatoka nyigu mdogo mweusi. Mama wa huyo nyigu alitaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto akamla kiwavi akiwa hai. Mmoja wa manyigu hao, Diadegma semiclausum, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kilimleta Kenya kutoka Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, akaachiwa kwenye kabichi za milimani. Anapenda baridi kama kabichi inavyoipenda.

Sasa fikiria mtu ambaye chupa yake imemuonyesha vifuko vingi vya kahawia kuliko vya wavu mtupu. Huyo ana jeshi shambani linalomfanyia kazi bure, na akipuliza sumu kali inayoua kila kitu atawaua manyigu kwanza, maana wao wanatembea juu ya majani. Nondo watarudi kwa kasi, manyigu watachukua muda. Hakuna picha ya kiwavi wa kijani itakayokwambia kama ndani yake kuna nyigu au hakuna. Mi kwa kabichi chupa naiweka juu ya apu zote.

Angalizo moja: viwavi wenye manyoya usiwashike kwa vidole, viwavi washa wanawasha kweli na manyoya yakiingia jichoni ni hospitali. Tumia kijiti au jani.

Wazee na bwana shamba

Wazee wanajua kitu ambacho mashine haina, msimu na tabia. Mzee wa pwani atakwambia maji moto wale wa kushona majani waache kwenye mikorosho na minazi hata kama wanauma, na utafiti uliofanywa Zanzibar na bara unamuunga mkono, maana wanafukuza kunguni wanaofyonza nazi changa. Mama wa Bukoba haulizwi senene wanakuja lini. Hayo ni maarifa ya miaka mingi ya kukaa sehemu moja.

Ila wazee wana mpaka wao: mdudu mgeni. Kantangaze na kiwavijeshi vamizi hakuna mzee aliyewakuta, wamefika mbele ya macho yetu. Mgeni akija watu wanampa jina la mdudu wa zamani anayefanana naye na kumtibu kwa dawa ya yule, na mwaka mzima unapotea. Kwa hiyo ukiona kitu ambacho wazee watatu wanakupa majina matatu na simu inaishia kwenye familia, hiyo ndo saa ya bwana shamba.

Bwana shamba ana kata nzima na pikipiki moja, tusimlaumu akichelewa. Ana faida mbili ambazo hazipatikani kwingine. Moja, anajua kilichotokea kijiji cha pili wiki iliyopita. Mbili, ana njia ya kwenda juu, kwa Tanzania ni TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao Arusha, kwa Kenya ni KEPHIS, shirika lao la afya ya mimea, na wao wana maabara. Sehemu nyingine kuna kliniki za mimea, meza sokoni siku ya gulio, unapeleka jani lako kama unavyopeleka mtoto. Ukiipata hiyo, mi naiona bora kuliko kumngoja mtu shambani, maana unaonyesha kitu chenyewe na unauliza ana kwa ana.

Na grupu la WhatsApp? Litumie kwa swali moja, "kuna mwingine amemuona kwenu wiki hii?" Hapo liko vizuri sana, linakuchorea ramani ya mdudu anavyosambaa. Kwa jina na kwa dawa, hapana.

Ukiniuliza uchague nini kama una simu ya kawaida yenye nafasi kidogo, weka Seek na Nuru, zipakue ukiwa mjini kwenye waifai, hazitakudai bando shambani. iNaturalist iache kwa anayependa wadudu kwa moyo. Nunua kioo cha kukuzia kabla ya kununua sumu yoyote, kile kidogo cha kukunja kinachoingia mfukoni kinatosha. Mwenye nyanya ategemee macho na jua, mwenye kabichi ategemee chupa, mwenye mahindi afungue moyo wa mhindi alafu amalizie na Nuru, mwenye watoto wanaocheza bustanini awe na Seek mkononi kwa ajili ya wale wasioguswa. Na chochote kigeni kinachoenea haraka, bwana shamba siku hiyo hiyo.

Ukimtumia ujumbe mpe vitu vyote kwa mpigo ili asianze kukuuliza kimoja kimoja: picha tatu za mdudu na moja ya jani, mmea gani na una umri gani, sehemu gani ya mmea imeliwa, umeanza kuona lini, mimea mingapi kati ya kila kumi imeguswa, na umeshapuliza nini. Ukipeleka sampuli, kiwavi muweke kwenye kichupa cha spiriti kilichofungwa vizuri asije akatoroka njiani akaanzisha kijiji kingine, na jani lifunge kwenye gazeti kavu, mfuko wa plastiki utalitoa jasho na litafika limeshaoza.